Umefunga ekzosi mpya, pikipiki imeanza visa: tatizo liko wapi?

Mwongozo huu ni wa pikipiki za zamani zenye injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa na kulishwa na kabureta. Mfano mkuu ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, pamoja na nakala zake nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zilizojaa vijiweni. Mengi yanafaa pia kwa Honda XL na Bajaj Boxer za kabureta. Tustroki (injini za mipigo miwili) zina tabia zake, nazo zimewekwa mwishoni. Pikipiki inayopuliziwa mafuta kwa umeme haimo humu.

Jambo moja litajirudia kila mahali hapa chini: ziba uvujaji wa hewa kwanza, kabureta baadaye. Watu wengi wakifunga ekzosi na pikipiki ikabadilika mlio, mkono wa kwanza unakwenda kwenye skrubu za kabureta. Wanazungusha, wanabadilisha jeti (vitundu vya kupimia mafuta ndani ya kabureta), wanafungua filta, na kumbe gasketi ya shilingi chache pale kwenye hedi (kichwa cha silinda) haijakaa. Baadaye hata gasketi ikirekebishwa, kabureta nayo imeshavurugwa, na sasa matatizo ni mawili.

Kabla ya kushika spana

Subiri injini ipoe kabisa. Bomba la mbele linaweza kuunguza ngozi muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Usiwashe pikipiki ndani ya chumba au banda lililofungwa ili "kusikiliza mlio": moshi wake una karbon monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akidhani ana usingizi tu. Na kama pikipiki ni ya miaka ya 1970 au 1980 na gasketi ya ekzosi haijawahi kubadilishwa, ichukulie kuwa huenda ina asbesto. Ilowanishe maji, itoe nzima bila kuisugua kwa brashi ya waya ikiwa kavu, ifunge kwenye mfuko.

Vitu vya kuwa navyo: gasketi mpya ya ekzosi, stadi mbili (bolti zisizo na kichwa zinazoingia kwenye hedi) na nati mbili mpya (za shaba nyeupe au njano ni bora kuliko za chuma kwa sababu haziungani na stadi kwa kutu), wosha za springi, klempu ya kipimo sahihi, grisi ya shaba inayostahimili joto, mafuta ya kupenyeza, tochi na kioo kidogo. Stadi za injini hizi huwa M6 au M8, yaani kipenyo cha milimita 6 au 8. Pima kwanza, kwa sababu nakala za Kichina hazifanani zote hata zikiwa na jina moja kwenye tenki.

Ukiachia akselereta inapiga milipuko kwenye ekzosi

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Unashuka mteremko, unaachia akselereta, ekzosi inaanza kupasuka pa-pa-pa. Kinachotokea ni hiki: ukiachia, mafuta machache ambayo hayakuungua yanatoka na moshi. Ndani ya bomba mkandamizo hupanda na kushuka kwa mawimbi, na wimbi likishuka bomba linavuta hewa ya nje kupitia tundu lolote lililopo. Mafuta mabichi, hewa mpya na bomba la moto vikikutana, vinalipuka.

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya kawaida kuliko zote, ni uvujaji pale bomba linapoingia kwenye hedi. Uchunguzi wake ni rahisi. Angalia kwa tochi kuzunguka flenji (bamba linalobana bomba kwenye hedi): masizi meusi yaliyochora mistari kwenye alumini ya hedi ni ushahidi tosha. Kama hayapo, subiri asubuhi injini ikiwa baridi, pakaza maji ya sabuni kuzunguka maungio, washa, na tazama sekunde chache za mwanzo kabla bomba halijapata moto. Mapovu yatakuonyesha mahali. Njia nyingine ni mtu mwingine azibe kidogo mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa, injini ikiwa sailensa (ikinguruma polepole bila kuvutwa akselereta), huku wewe ukisikiliza mbele: moshi ukikosa pa kutokea nyuma utatoka kwa mluzi kwenye ufa. Asizibe kwa zaidi ya sekunde chache, na asisimame usawa wa mdomo wa bomba.

Ukikuta inavuja, fungua uone moja ya haya:

– Gasketi ya zamani bado imo ndani. Ikishabanwa kwa miaka hufanana rangi na hedi, mtu anadhani ni sehemu ya tundu. Ikwaruze polepole kwa ncha ya bisibisi: ikiwa ni gasketi, utaona ukingo wake na itaanza kuinuka. Kuweka mpya juu ya ya zamani hufanya flenji isikae sawa.
– Gasketi imetumika mara ya pili. Zile zenye grafaiti ndani ya ganda la chuma hubanwa mara moja tu. Ya shaba tupu, ukikwama, inaweza kulainishwa: ipashe moto hadi iwe nyekundu hafifu, itumbukize majini, isafishe, irudishe. Hii ni ya kukufikisha dukani.
– Flenji imekazwa upande mmoja. Hili huonekana kwa macho: pengo kati ya flenji na hedi ni pana kushoto, jembamba kulia. Legeza nati zote, kaza kwa zamu nusu mzunguko kila moja, ukiangalia pengo libaki sawa pande zote.
– Mdomo wa bomba jipya ni mfupi au mwembamba kuliko tundu. Ekzosi nyingi zinazouzwa kama "za CG" zimetengenezwa kwa kukadiria. Pima kipenyo cha nje cha mdomo wa bomba na cha ndani cha tundu kabla ya kununua gasketi. Baadhi ya Honda za zamani zina vipande viwili vya nusu duara vinavyoshika ukingo wa bomba chini ya flenji. Vikipotea au vikiwekwa vya pikipiki nyingine, bomba linacheza hata ukikaza vipi.

Kukaza kwenyewe: kama una spana ya torki, stadi za M6 zinatosha takribani Nm 10, za M8 takribani Nm 20. Kama huna, tumia spana fupi na nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Washa injini hadi ipate moto, izime, iache ipoe kabisa, kisha kaza tena. Rudia baada ya kilomita 100 hivi, kwa sababu gasketi mpya huendelea kushuka.

Usipakaze silikoni nyekundu kwenye gasketi ya ekzosi pale kwenye hedi. Gundi hiyo hustahimili nyuzi joto 300 hivi tu, na pale mlangoni moshi hutoka ukiwa na zaidi ya mara mbili ya hapo. Inaungua, inakuwa unga, na uvujaji unarudi mkubwa kuliko mwanzo.

Sababu ya pili ni maungio ya bomba la mbele na kopo la nyuma linalopunguza kelele. Hapa kipenyo huwa kinapishana milimita moja au mbili. Ziba kwa mkanda wa grafaiti au kipande cha bati la chuma lililokatwa vizuri, kisha klempu juu yake. Mabati ya kopo la soda yanapendwa sana kwa kazi hii, lakini ni alumini nyembamba: inalainika, inachanika, na klempu inalegea.

Sababu ya tatu ni kabureta kukosa mafuta kwenye sailensa. Ifikie tu ukiwa na uhakika kwamba hakuna uvujaji. Tafuta skrubu ya mchanganyiko. Ikiwa iko upande wa filta ya hewa, inatawala hewa: ukiifungua mafuta yanapungua. Ikiwa iko upande wa injini, inatawala mafuta: ukiifungua yanaongezeka. Anza kwa kuifunga taratibu hadi ikae bila kuikaza, ukihesabu mizunguko ili ujue pa kurudi, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa ya moto, zungusha robo kwa robo ukitafuta pale inaponguruma kwa kasi na kwa utulivu zaidi, halafu rudisha sailensa kwenye mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Skrubu inayotawala mafuta ikihitaji zaidi ya mizunguko mitatu kufika hapo, piloti jeti (jeti ndogo ya sailensa) ni ndogo au imeziba. Itoe uisafishe kwa hewa, usiichokoe kwa waya wa chuma.

Baadhi ya pikipiki zina mpira unaopeleka hewa safi kwenye mlango wa ekzosi ili kupunguza uchafu wa moshi. Ukipasuka, au ekzosi mpya ikiwa haina tundu lake na mtu akauacha wazi, milipuko haitaisha kwa kabureta.

Acha na umwite fundi kama milipuko inatokea hata unapovuta mafuta, au inarudi upande wa kabureta. Hapo ni valvu, taimingi au koili, na ekzosi imesingiziwa tu.

Stadi imekatika, au nati inazunguka bila kukaza

Kwenye pikipiki ya miaka 20 hili ni la kutegemewa. Chuma cha stadi na alumini ya hedi vimekaa pamoja kwenye moto na mvua hadi vimeshikana, na nati imekuwa mviringo kwa kutu.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Siku moja kabla ya kazi, puliza mafuta ya kupenyeza kwenye nati, rudia jioni na asubuhi. Tumia spana ya boksi yenye pembe sita, siyo ya mdomo wazi: M6 kwa kawaida ni spana namba 10, M8 ni 12 au 13. Nati ikigoma, usizidishe nguvu kwenda upande mmoja. Ikaze kidogo, ilegeze kidogo, ikaze, ilegeze. Ukisikia chuma kinakuwa laini mkononi, kama kinavutika, simama hapo hapo: stadi inaanza kukatika, bado hujachelewa. Ongeza mafuta, ngoja, pasha hedi joto.

Kupasha joto maana yake ni kupasha alumini inayozunguka stadi, siyo stadi yenyewe, kwa sababu alumini inapanuka zaidi na kuiachia. Toa tenki la mafuta kwanza, liweke mbali. Tenki tupu lenye mvuke ni hatari kuliko tenki lililojaa.

Ikikatika ikabaki kipande kirefu cha kutosha nati mbili, weka nati hizo mbili zikabane pamoja na uzungushe ile ya chini. Ikiwa kimebaki kifupi, mchomeleaji mzuri anaweza kuunganisha nati juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe hulegeza kutu, na mara nyingi kinatoka kikiwa bado kina moto.

Ikikatika usawa wa hedi au ndani, hapo ndipo pa kuacha. Watu hutoboa kwa drili ya mkono, drili inateleza kwenda kwenye alumini kwa kuwa ni laini kuliko chuma, na tundu linakwenda mshazari. Wengine huingiza kile chuma kigumu cha kung'olea, kinavunjika ndani, na sasa hakuna drili ya kawaida inayokiweza. Peleka hedi karakana yenye mashine ya kutoboa ya kusimama. Kazi ikifanyika vizuri, tundu la M6 hutobolewa kwa drili ya milimita 5.0, la M8 kwa 6.8, kisha linapigwa tapu, yaani linakatwa thredi. Thredi zikiwa zimekufa, fundi anaweka koili ya waya inayojenga thredi mpya za kipimo kile kile, na huwa imara kuliko alumini ya mwanzo. Usikubali kuambiwa "tutaweka bolti nene zaidi" kabla ya kuona unene wa alumini uliobaki ukutani. Kwenye hedi hizi ndogo nyama ni chache.

Unapofunga stadi mpya, pakaza grisi ya shaba kidogo upande wa nati. Atakayeifungua baada ya miaka mitano atakushukuru, na pengine ni wewe mwenyewe.

Inapiga kelele nyingi lakini haivuti

Kelele si nguvu. Injini ya cc 125 inategemea moshi utoke kwa mwendo wa kasi ndani ya bomba lenye kipenyo kinacholingana nayo, ili ule unaotoka uuvute unaofuata. Bomba nene lililotolewa kwenye pikipiki ya cc 250 hupunguza mwendo huo, na pikipiki inakufa nguvu pale dereva wa bodaboda anapoihitaji zaidi: mwendo mdogo, abiria wawili, kilima.

Chunguza kwa mpangilio huu. Kwanza uvujaji, kama ilivyoelezwa juu. Pili, tazama kama gasketi imeingia ndani ya njia ya moshi: kipenyo chake cha ndani kikiwa kidogo kuliko cha tundu, inafanya ukingo unaozuia moshi. Tatu, angalia ndani ya kopo. Ekzosi za bei rahisi huwa na bamba la ndani lililochomelewa vibaya, likiachia linaziba njia. Tikisa kopo likiwa baridi: ukisikia kitu kinagonga ndani, ndilo hilo. Nne, kopo jipya likiwa limekatwa "matumbo" yote (vizuizi vya ndani vya kupunguza kelele), utakuwa umepoteza nguvu ya chini na kupata kidogo juu kabisa, mahali ambapo pikipiki ya kubeba mizigo haifiki. Dawa ni kurudisha bomba la kipenyo cha mwanzo na kopo lenye matumbo yake.

Usitoe filta ya hewa wala kutoboa boksi lake kwa nia ya "kuipa pumzi". Utakuwa umeongeza hewa mbele na nyuma, mafuta yale yale, na vumbi linakula ringi na silinda.

Bomba linakuwa jekundu, plagi nyeupe, injini inachemka

Rangi ya bluu au dhahabu kwenye sentimita chache za mwanzo za bomba la kromu ni ya kawaida kwa bomba la ukuta mmoja. Bomba kuwaka wekundu unaoonekana gizani injini ikiwa sailensa si kawaida. Zima. Ukiendelea, valvu ya kutolea moshi inaungua na pistoni inaweza kutoboka.

Sababu zake, kuanzia ya kawaida: mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa, hasa ekzosi iliyo wazi ikiambatana na filta iliyotolewa. Mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka na kuvuta hewa pembeni, jambo ambalo hutokea sana pale kabureta inaposukumwa wakati wa kuingiza ekzosi kwa nguvu. Taimingi imechelewa. Valvu ya kutolea moshi imebanwa mno kwa sababu tapeti haina nafasi.

Soma plagi. CG125 hutumia plagi ya aina ya NGK D8EA au inayolingana nayo, spana namba 18, pengo la milimita 0.6 hadi 0.7. Weka mpya, panda barabara tupu iliyonyooka, fungua akselereta yote kwenye gia ya tatu kwa sekunde kama kumi, kisha zima swichi huku ukibana klachi kwa wakati mmoja, egesha pembeni uitoe. Kauri yake ya ndani ikiwa rangi ya kahawia ya maziwa, meni jeti (jeti kubwa ya akselereta iliyofunguliwa yote) iko sawa. Nyeupe kama chokaa, jeti ni ndogo. Nyeusi yenye masizi, ni kubwa. Plagi iliyosomwa baada ya kuzunguka mtaani kwenye foleni haisemi chochote kuhusu meni jeti.

Kupandisha jeti: namba imechongwa kichwani, mfano 95, 98, 100. Panda hatua moja, jaribu, soma plagi. Ekzosi iliyo wazi kidogo kuliko ya kiwandani kwa kawaida inataka hatua moja au mbili, si zaidi. Kama ugonjwa upo katikati tu, akselereta ikiwa nusu, shughulika na sindano: shusha kile kipini kidogo tundu moja chini ili sindano ipande na mafuta yaongezeke. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na andika namba ya zamani kwenye karatasi.

Moshi mweusi, mafuta yanaliwa

Mara nyingi ni matokeo ya mtu kupandisha jeti kupita kiasi ili kunyamazisha milipuko iliyosababishwa na uvujaji. Rudisha jeti ya mwanzo, ziba uvujaji, anza upya. Angalia pia choki isiwe imeshikwa na waya uliobanwa wakati wa kufunga.

Moshi mweupe wenye harufu kali katika dakika 10 au 15 za kwanza ni mafuta ya kiwandani na rangi vinavyoungua, utaisha. Futa alama za vidole kwa spiriti kabla ya kuwasha mara ya kwanza, la sivyo zinaungulia kwenye kromu moja kwa moja. Moshi wa bluu usioisha ni oili ya injini, na ekzosi haihusiki.

Bomba linatetemeka, mkono wake unakatika kila mara

Ukikuta mkono wa kushikia ekzosi umekatika mara mbili mahali pale pale, usiuchomelee tena mnene zaidi. Umekatika kwa sababu bomba limefungwa likiwa limevutwa. Mpangilio sahihi ni huu: weka kila kitu kikiwa kimelegea, kaza flenji ya hedi kwanza, kisha klempu ya katikati, mkono wa nyuma uwe wa mwisho. Tundu la mkono lisipolingana na la fremu, usilivute kwa bolti. Jaza pengo kwa wosha au bushi, au rekebisha mkono. Rudisha mpira uliokuwa kwenye mkono wa kiwandani, kwa kuwa ndio unaomeza mtetemo.

Kuchomelea kufanyike ekzosi ikiwa imetolewa kwenye pikipiki. Umeme wa kuchomelea unaopita kwenye fremu unaweza kuua kisanduku cha CDI (kinachotawala cheche za plagi) na regyuleta, na cheche karibu na tenki hazihitaji maelezo. Usiruhusu kipande cha bomba la maji la mabati kichomelewe kwenye ekzosi bila kwanza kuondolewa zinki yake: moshi wake mweupe unampa mchomeleaji homa na kifua kubana usiku huo huo. Na chuma kilichosafishwa kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisipigwe moto kabisa, kinatoa gesi yenye sumu kali.

Kiki inagonga ekzosi, pedali ya breki haishuki yote

CG ina ekzosi, kiki na pedali ya breki ya nyuma upande mmoja wa kulia, kwa hiyo bomba lililopinda vibaya kwa sentimita mbili linatosha kuharibu vyote. Kabla ya kukaza mwisho, piga kiki hadi chini, kanyaga breki yote, simamisha kwa stendi kubwa, na uhakikishe nati ya kumwagia oili inafikika. Kisha waketishe watu wawili wazima juu ili shokamzoba zibonyee, na tazama kopo lisiguse mkono wa gurudumu wala tairi. Acha nafasi ya angalau vidole viwili.

Kama breki haishuki yote, pikipiki isiingie barabarani hata kwa safari fupi. Usikate pedali wala kuipinda. Bomba ndilo la kubadilishwa.

Waya zinayeyuka, abiria anaungua

Waya wa swichi ya taa ya breki, mpira wa mafuta na kebo viwe mbali na bomba angalau sentimita tano, vikiwa vimefungwa kwa waya wa chuma au klipu, si mkanda wa plastiki. Pikipiki inayozimika ikipata moto na kuwaka ikipoa huenda ina mpira wa mafuta uliopita karibu na bomba jipya, mafuta yanageuka mvuke kabla ya kufika.

Ngao ya joto ni sehemu ya ekzosi, si pambo. Ekzosi nyingi za dukani zinakuja bila ngao, na makovu ya duara kwenye ndama za abiria tunayaona kila siku. Ihamishe ile ya zamani au tengeneza ya bati, ikae mbali na bomba sentimita moja kwa kutumia wosha. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kula havifai. Malengelenge makubwa au ngozi iliyopauka bila maumivu ni ya hospitali.

Kelele zimezidi

Pamba ya ndani imeungua, au matumbo yametolewa. Kopo linalofunguka kwa skrubu hujazwa pamba mpya ya kioo inayostahimili joto, iliyobanwa kiasi. Vaa glavu na barakoa. Nchini Kenya kuna kanuni za NEMA (mamlaka ya mazingira) za kudhibiti kelele za mwaka 2009, na pikipiki yenye ekzosi wazi ni chambo cha trafiki popote Afrika Mashariki. Mbali na sheria, dereva anayekaa juu ya kelele hiyo kutwa nzima anapoteza masikio yake.

Tustroki: Yamaha AG100, Suzuki TF125 na nyinginezo

Hapa ekzosi ni sehemu ya injini. Umbo la tumbo lake limepimwa ili wimbi la moshi lirudi kwa wakati wake na kusukuma mafuta mabichi yasitoke. Kufunga bomba la foustroki, au kukata tumbo na kuchomelea bomba lililonyooka, ni kuinyima nguvu injini yenyewe, na hakuna jeti itakayorekebisha. Tafuta ekzosi ya modeli ile ile, hata kama ni kuukuu.

Oili nyeusi inayodondoka kwenye maungio kwa kawaida ni gasketi au pete ya mpira iliyochakaa. Pikipiki iliyopungua nguvu taratibu kwa miezi mara nyingi imeziba kaboni, si kwenye kabureta bali kwenye tundu la kutolea moshi na kwenye bomba dogo la ndani la kopo. Toa ekzosi, shusha pistoni hadi tundu liwe wazi, kwangua kwa kijiti cha mti au alumini, si bisibisi, kisha piga kiki mara kadhaa plagi ikiwa imetolewa ili vipande vitoke. Ukikuta mikwaruzo ya wima kwenye pistoni kupitia tundu hilo, usiirudishe ekzosi. Injini imeanza kukamata, na kazi iliyobaki ni ya kufungua silinda.